Wakili, Wakala na Muhami: Neno Moja baina ya Unguja na Ghala

Katika Ghala, mtaa wa wilaya ya Bausher mjini Maskati unaojulikana kwa gereji na bohari zake, mwenye gari jipya hulipeleka "wakala", yaani kwa kampuni iliyopewa haki ya kuuza magari ya aina hiyo. Mwenye kesi naye hamtafuti wakili, bali muhami. Kwa Mswahili aliyekulia Unguja au Mombasa, ambako wakili ndiye mwanasheria, maneno haya ni kama yamebadilishana nyumba.

Wakala na wakili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kumkabidhi mwingine jambo. Katika fiqhi, wakala ni mkataba, na wakili ni aliyekabidhiwa: anunue, auze, adai deni, aozeshe, au asimame mbele ya kadhi kwa niaba ya aliyemtuma. Utetezi wa mahakamani ulikuwa tawi moja tu la kazi yake. Hana ruhusa ya kuvuka mpaka aliowekewa, na uwakili hukoma mmoja wao akifariki.

Afrika Mashariki tawi hilo ndilo lililokua kuliko shina. Unguja ilipokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, mahakama za Kiingereza ziliongozwa kwa sehemu kubwa na sheria zilizotungwa India, na huko mtetezi wa kortini alikuwa akiitwa vakil, neno lilelile lililopitia Kiajemi. Si ajabu basi kwamba wakili wa Kiswahili alivaa joho la mahakama. Wakala, lililokuwa jina la mkataba, likawa jina la mtu au taasisi. Kitenzi kuwakilisha kikaingia katika siasa, hata Zanzibar ikaunda Baraza la Wawakilishi mwaka 1980.

Oman ilishika njia nyingine. Sheria yake ya uwakala wa biashara ya 1977 ilibaki na maana ya kale, na ile ya wanasheria ya 1996 ikamtambua muhami, yaani mlinzi. Jamaa waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi walioitikia wito wa Sultan Qaboos baada ya 1970, walikuta neno lao likifanya kazi nyingine.

Tofauti hii haiishii katika kamusi. Mzee anayefikiri kwa Kiswahili, akiwekewa hati ya wakala mbele ya katibu wa sheria, huenda akadhani anaajiri mtetezi wa kesi yake. Hati ikitaja uuzaji wa nyumba, aliyekabidhiwa anaweza kuiuza. Ndiyo maana fiqhi hutofautisha wakala wa jumla na wakala mahsusi, na swali la kwanza si jina la anayepewa hati, bali ni jambo gani hasa linalotoka mkononi mwa mwenyewe.