Reli ya Tunduma na Urafiki wa Wachina

Sisi tukaao Tunduma twaliona gari la moshi likipita, wala hatuulizi sana reli yake ililetwa na nini. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kufika pwani. Mataifa ya Magharibi yalikwisha kukataa kujenga reli, yakisema haitaleta faida. Ndipo Wachina, nao maskini kama sisi, walipokubali. Mapatano yakatiwa sahihi mjini Beijing mwaka 1967. Fedha zilikuwa mkopo usio na riba. Mwaka 1973 reli ilifika hapa mpakani, na mwaka 1976 ikakabidhiwa yote, kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi.

Je, ilikuwa sadaka tupu? Sivyo tuonavyo. Siku zile China ilikuwa imefarakana na Marekani, hata na Urusi pia, na kiti chake katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya Taiwan. Ilihitaji marafiki, na mwaka 1971 ilipokipata kiti hicho, kura nyingi zilitoka Afrika, Tanzania ikiwa mbele. Lakini tusiseme kwamba walifanya biashara tu. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na wengi wao wamelala Gongo la Mboto, mbali na mama zao.