DSL ya laini za kukodi

Intaneti ya kasi iliyofika majumbani Marekani kupitia nyaya za shaba za simu ambazo mtoa huduma hakuzimiliki. Sheria ya Mawasiliano ya 1996 ilizilazimisha kampuni kongwe za simu kuwakodisha washindani nyaya hizo na nafasi ya mitambo vituoni mwao. Data hupita kwenye masafa ya juu kuliko sauti, lakini hufifia njiani: nyumba iliyo zaidi ya kilomita 5.5 hivi za waya kutoka kituoni kwa kawaida ilikosa huduma. Fundi wa kuunganisha laini alitoka kwa kampuni kongwe, mpinzani wa mtoa huduma, mpango ulioalika ucheleweshaji. Watoa huduma hiyo NorthPoint, Rhythms na Covad wote walifilisika mwaka 2001. Covad pekee iliinuka tena.