Mawe Yaliyozama Jinja

Nimeisikia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye basi, tukivuka daraja la Kirumi juu ya mto Mara, abiria wa kiti cha nyuma akimweleza mwenzake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda ubishi. Mara ya pili ilinifikia kwenye simu, ikiwa imepita mikono mingi. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama Jinja, Uganda, mbele ya sanamu ya Mahatma Gandhi, na kijana wa boti aliyeisimulia alininyooshea kidole mimi kama ushahidi. Hapo nikaona kuwa nikizidi kunyamaza nitakuwa mshirika.

Hadithi yenyewe ni tamu. Inasema kwamba Purana, vitabu vya kale vya Wahindu, zinalitaja ziwa unamozaliwa mto Naili. Kwamba ziwa hilo zinaliita Amara. Na kwamba Amara hiyo ndiyo Mara yetu, mkoa huu wa Tanzania wenye Tarime, Serengeti, Musoma na Butiama. Kumbe Wahindu walitujua karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kulowesha buti lake ziwani! Mtu wa Mara akisikia hivyo kifua humpanda. Changu nacho kilipanda, kabla sijakaa chini na kupima.

Nimekulia upande wa Tarime wa mto Mara. Ng'ambo ni Serengeti. Mto huo huanzia nyanda za Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na pembe ya kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, pale nyumbu wanapoukata kwa maelfu huku mamba wakiwangoja. Kisha hupita kati ya wilaya zetu mbili, ukatawanyika kwenye kinamasi kipana cha mafunjo, ukapenya chini ya Kirumi na kuingia ziwani karibu na Musoma. Urefu wake ni kilomita 395 hivi. Utotoni tuliamini unaishia hapo. Mwalimu wetu ndiye aliyetuambia kuwa ziwa lote lile, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko Jinja. Tangu siku ile nilitamani kwenda kuona maji yetu yanaagia wapi.

Nilikwenda uzeeni, kwa kupanda na kushuka magari: Sirari, Kisii, Kisumu, Busia. Bustani ya chanzo cha Naili iko ukingo wa mashariki, chini ya mji. Nyasi zimekatwa, miti ina kivuli cha kutosha ukoo mzima, wauza vinyago hawakusumbui sana, na ngazi zinakuteremsha hadi kwenye maboti. Hapo ndipo ilipo sanamu ya shaba ya Gandhi, kichwa na mabega, ikiangalia maji. Siku niliyofika kulikuwa na familia ya Wahindu waliokuja kuhiji: bibi mmoja aliyeshikwa mikono na wajukuu, wanaume wawili, na mtoto aliyebeba sahani ya maua ya manjano. Walivua viatu. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, lakini hata wenye maboti walipunguza sauti. Sikumbuki kama nimewahi kukaa mahali pa wazi penye utulivu kama ule.

Utulivu huo ndio uliokuja kunishtua baadaye, kwa sababu ninayoifikia.

Asili ya mji kila mtu anaijua, basi nisichelewe nayo. Wasoga waliishi hapo, mto wakiuita Kiyira. Mahali pakaitwa kwa yale yaliyokuwapo: ejjinja, yaani jiwe, kwa ajili ya miamba iliyokuwa imeukata mto na kuufanya uanguke kwa ngurumo. Tarehe 28 Julai 1862 akafika John Hanning Speke, akayaita maporomoko hayo Ripon, jina la mkubwa mmoja wa Uingereza ambaye hakuwahi kuyaona. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley akalizunguka ziwa kwa mashua, akipita pia mwambao wetu wa Musoma, na kuthibitisha kuwa ziwa ni moja na mlango ni mmoja. Hayo yamo katika kila kitabu cha shule.

Yasiyomo ni haya. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke alichapisha ramani ambayo haikuwa yake. Alielekezwa kwayo na Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, na ilitokana na maandishi ya ofisa mmoja wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki aliyeitwa Francis Wilford. Wilford alikuwa ametangaza mwaka 1792 kwamba amezikuta Misri na Naili ndani ya Purana, pamoja na Nchi ya Mwezi na ziwa liitwalo Amara. Speke akafurahi. Akakumbuka kuwa amesikia habari za nchi iitwayo Amara kwenye kona ya kaskazini mashariki ya ziwa, akahitimisha kuwa Wahindu wa kale bila shaka walikuwa na mawasiliano na pande zetu. Hapo ndipo hadithi ya basi la Kirumi ilipozaliwa. Haikutoka kwa Wahindu wa kale, haikutoka Mara. Ilitoka kwa Mzungu aliyekuwa akitafuta shahidi.

Na shahidi huyo alikuwa wa uongo. Wilford, akiwa Benares, alimwajiri pandit, mwanazuoni wa Kihindu, amtafutie ndani ya Purana habari za mataifa ya magharibi. Ili kumsaidia, alimsimulia mwenyewe hadithi za Misri na za Biblia, akimwambia zinazofanana na hizi ndizo azitakazo. Mtu mwenye njaa ya jibu humfundisha anayemuuliza namna ya kumdanganya. Pandit akabadilisha majina, akachomoa kurasa na kuingiza nyingine, akatunga maelfu ya beti kwa mtindo wa kale. Hata Sir William Jones, mwanzilishi wa Asiatic Society ya Calcutta na bingwa wa Kisanskriti, aliisifu kazi hiyo. Hila hiyo ilipogundulika, Wilford hakuficha: alikiri kwa uchungu katika jarida lilelile, mwaka 1805.

Hesabu miaka. Kukiri ni 1805, kitabu cha Speke ni 1863. Kwa miaka 58 ukweli ulikuwa umelala kwenye rafu, na Speke aliyeupokea uongo hakuinuka kuutafuta. Sisi tunaousambaza kwa simu leo tuna udhuru gani?

Nimejibiwa: lakini jina, mzee, jina linafanana! Ndiyo, linafanana. Amara kwa Kisanskriti ni asiyekufa, neno la kawaida kabisa, wala halikuhitaji kusafiri hadi kwetu. Speke mwenyewe, mwenye kuitaja Amara, aliiweka kaskazini mashariki mwa ziwa, na mwambao wa mashariki hakuufika kamwe. Musoma iko kusini ya Ikweta, kwenye ukingo huo ambao hakuuona. Na wengi huliona jina la mto wetu kuwa la Kimaasai, lenye maana ya madoadoa, kama nyika inavyoonekana ukiitazama kutoka juu ya kilima, miti hapa, kivuli pale. Kila jina lenye mlio mmoja likiwa la ukoo mmoja, basi hata hizo mara tatu nilizoanza nazo ni za mkoa wetu.

Kinachoniudhi si kwamba hadithi ni ya uongo. Kinachoniudhi ni kwamba inaufunika ukweli ulio bora kuliko yenyewe.

Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Majivu yake yaligawanywa na kupelekwa kwenye mito mingi. Sehemu kubwa ilimwagwa Februari hiyo Allahabad, Ganga inapokutana na Yamuna. Sehemu nyingine, mwaka huohuo, ililetwa Jinja na kukabidhiwa Naili. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mhindu huwachoma wafu wake na kuwarudisha kwenye maji anayoyaona matakatifu. Wahindi wa Afrika Mashariki, waliotegemewa kwa nguo na chumvi huku wakisimangwa kwa methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, waliutazama mto wetu wakaona unafaa kumpokea mtu waliyempenda kuliko wote. Hawakuuliza kama Purana zimeutaja.

Mahali pa hija Wahindu hupaita tirtha, na maana ya asili ya neno hilo ni kivuko, mahali mtu anapoweza kuvuka mto. Mtu wa Mara haelezwi kivuko ni nini. Tumezika watu vivukoni, tumeozesha mabinti vivukoni. Kivuko hakiwi kivuko kwa kuandikwa kitabuni. Huwa kivuko kwa miguu ya wanaovuka.

Sasa nifike kwenye ule utulivu. Mwaka 1948 majivu yalipomwagwa, mawe yalikuwapo bado, na maji yalianguka kwa ngurumo ileile aliyoisikia Speke. Aprili 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen, kilomita chache chini ya hapo. Miamba ya Ripon ilivunjwa na maji yakapanda juu yake. Mji unaoitwa jiwe ukabaki bila jiwe lake. Kwa hiyo utulivu ule ulionituliza si wa kuzaliwa. Ni wa kutengenezwa. Mahujaji wa leo huweka maua juu ya maji laini, palepale ambapo watangulizi wao walilazimika kupaza sauti ili dua isikike.

Na Wasoga je? Kando ya maji Speke ana mnara wake ng'ambo ya magharibi, Gandhi ana sanamu yake upande huu. Wenye mawe sikuona hata kibao chao cha kusema hapa chini kulikuwa na nini. Walipokonywa tena: maporomoko ya Bujagali, makao ya mzimu wao mkubwa, yalizamishwa na bwawa lililokamilika mwaka 2012. Ukimlaumu Speke kwa kubandika jina la kigeni, usiende ukabandika Amara. Ni dhambi ileile, imevaa nguo nyingine.

Yaliyobaki niyapitie haraka. Familia ya Madhvani ilijenga kiwanda cha sukari Kakira, jirani na Jinja. Idi Amin akawafukuza Waasia mwaka 1972, akiwapa siku 90, na barabara kuu ya Jinja ikabaki na majina ya Kihindi juu ya maduka yasiyo na wenyewe. Baadhi walirudi. Mwaka 1997 waziri mkuu wa India, I. K. Gujral, akaizindua sanamu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kikaiondoa ya kwake, kwa sababu ya aliyoyaandika Gandhi ujanani juu ya Waafrika, na maandishi hayo yapo, hayafutiki kwa maua. Lakini tuzo ya amani ya Gandhi ya kwanza kabisa, ya mwaka 1995, India ilimpa mtu wa Butiama, Julius Nyerere. Ukitaka kamba ya kuifunga Mara na India, hiyo hapo. Haikughushiwa na mtu.

Yote haya, kwa ufupi wake, nilimwambia yule kijana wa boti. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, mzee. Lakini ile ya Amara wageni wanaipenda."

"Waambie basi kwamba mto Mara unamwagia humu," nikamjibu. "Hilo halihitaji kitabu." Nilijua hesabu: maji mengi ya ziwa hutoka mvuani, na katika mito inayoliingia Kagera ndio mkubwa. Fungu letu ni dogo. Lakini lipo.

Bibi alikuwa amemaliza kuomba, anapandishwa ngazi polepole. Alinitazama, akamuuliza kijana mimi ni nani, kwa Kiswahili cha Jinja ya zamani ambacho hakijasahaulika.

"Mgeni kutoka Tarime, Mama," kijana akasema. "Maji ya kwao yamemtangulia kufika."

Bibi akarudi ngazi mbili chini, akainama, akayagusa tena.