Mtu wa Shaba wa Kaifeng na Miwani ya Leo

Tulipojadili darasani teknolojia katika tiba ya jadi ya Kichina, wengi walisema uhalisia ulioongezwa ni jambo jipya kabisa. Mwanafunzi anavaa miwani au anashika simu, kamera inamtazama mtu, na nukta za kuchoma sindano zinaonekana kama zimechorwa juu ya ngozi yake. Chombo ni kipya, nakubali. Haja yenyewe ina umri wa karibu miaka elfu moja.

Mwaka 1027, chini ya nasaba ya Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu. Vitabu vya zamani vilikuwa vinapingana kuhusu mahali pa nukta, na serikali ya mfalme Renzong ilitaka kipimo kimoja. Sanamu zilitobolewa matundu kwenye nukta hizo. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta nje na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi akipatia, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagoma. Hebu fikiria jasho lake!

Kaifeng ilitekwa mwaka 1127, lakini wazo halikufa: mwaka 1443 nasaba ya Ming ilitengeneza sanamu nyingine kwa kufuata ile ya kale.

Upungufu wake ni kwamba shaba ina mwili mmoja tu. Waganga wa Kichina hupima kwa cun, ambayo ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Nukta ya Neiguan iko cun mbili juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, kati ya kano mbili, kwa hiyo mkono wa mtoto na wa mtu mzima haulingani. Hapa kompyuta inaishinda shaba, maana inaweza kukadiria upya kwa kila mwili.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wenzangu hawakuligusa. Nta ilificha nukta, miwani inazionyesha. Mtihani wa Song ulimlazimisha mwanafunzi azibebe kichwani na vidoleni, kwa sababu kano hutafutwa kwa kupapasa. Mwalimu anayetumia miwani leo angefanya vyema kuizima siku ya mtihani, kisha amwache mwanafunzi na mkono wa mtu.