Shilingi Hamsini na Hesabu za Mbu

Mwaka 2005 mama yangu alitoka kliniki bila neti. Alikuwa mjamzito, mimi nilikuwa na miaka saba, na tulikuwa tumetembea kutoka nyumbani, huko Busia, tangu asubuhi. Neti za kina mama wajawazito zilikuwa zinauzwa shilingi hamsini. Hiyo ilikuwa bei iliyopunguzwa sana, kwa hivyo hakuna mtu pale aliyedhani anamkosea yeyote. Mama hata alikuwa na hamsini yenyewe, nimeiona ikiwa imefungwa kwenye ncha ya leso.

Juzi nilimpigia simu kumuuliza kwa nini hakuinunua. Alicheka kwanza. "Hiyo hamsini ilikuwa ya unga, baba. Ningewapikia neti?"

Ndugu yangu alizaliwa mwisho wa mwaka huo. Kabla hajaanza kukaa alishikwa na malaria, na usiku mmoja akapata degedege. Nakumbuka macho yake yalivyogeuka, na nakumbuka baiskeli ya boda ikiondoka gizani, mama amekaa nyuma amemkumbatia mtoto. Alipona. Wengi wa rika lake pale kijijini hawakupona, na sisi tulizoea kusema ni mapenzi ya Mungu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa pili chuoni nikisomea takwimu, nilikutana tena na ile hamsini. Safari hii ilikuwa ndani ya karatasi za utafiti.

Lakini hadithi inaanza mbali na Busia. Agosti 20, 1897, kule Secunderabad, India, daktari wa jeshi aliyeitwa Ronald Ross alipasua tumbo la mbu na kuona kimelea cha malaria ndani yake. Mbu huyo alikuwa ameshiba damu ya mgonjwa anayeitwa Husein Khan. Khan alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyemuuma. Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Huwa nawaza sana kuhusu Khan, kwa sababu historia hii ilianza na maskini akilipwa ili aumwe na mbu, na miaka mia baadaye ikafika mahali ambapo maskini anatakiwa alipe ili asiumwe.

Ross alikuwa pia anapenda hesabu, na hapo ndipo mimi humpenda. Baada ya ugunduzi wake, watu walimwambia haisaidii kitu: huwezi kuua kila mbu duniani, basi kwa nini uanze? Akiwa amerudi kutoka kazi yake Mauritius, aliandika ripoti mwaka 1908 akitumia milinganyo kujibu swali hilo, kisha akaiendeleza kwenye kitabu chake cha 1911. Jibu lake ni rahisi ukiliondolea alama za hesabu. Mgonjwa mmoja, kupitia kwa mbu, huzaa wagonjwa wangapi wapya? Kama ni zaidi ya mmoja, ugonjwa unasambaa. Kama ni chini ya mmoja, unafifia wenyewe. Kwa hivyo si lazima umalize mbu wote, bora tu uwapunguze hadi chini ya kiwango fulani.

Miaka ya 1950, George Macdonald, daktari Mwingereza, aliuliza: katika maisha yote ya mbu, ni wapi tukigusa tutapata faida kubwa zaidi? Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa leo, hawezi kukuambukiza kesho. Kimelea kinahitaji siku kumi hivi au zaidi, kutegemea joto, kukomaa ndani yake. Ni mbu mzee tu ndiye hatari.

Sasa piga hesabu nami. Tuseme kila siku mbu ana nafasi ya asilimia 90 ya kuiona siku inayofuata. Baada ya siku kumi, kati ya mbu mia watabaki kama 35. Tuseme umewasumbua kidogo, nafasi hiyo ikashuka hadi asilimia 70. Baada ya siku kumi watabaki chini ya watatu. Umepunguza kidogo kwa siku, lakini wale wazee wa hatari wamekaribia kuisha. Siku niliyoiona hesabu hiyo nilikaa maktaba hadi taa zikazimwa.

Neti yenye dawa ndiyo inayofanya kazi hiyo. *Anopheles gambiae* ana mazoea ya kuuma usiku, ndani ya nyumba. Anakuja kwako umelala, anatua kwenye neti, dawa inamuua kabla hajazeeka. Kule Kilifi, utafiti uliofanywa kati ya 1993 na 1995 ulionyesha kwamba neti zenye dawa zilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa thuluthi moja hivi.

Halafu Asembo, Siaya, kando ya ziwa, kati ya 1997 na 1999. Vijiji vingine vilipewa neti, vingine vikasubiri. Watafiti walipochora ramani ya nyumba, waliona kitu cha ajabu: watoto wasio na neti, lakini wanaoishi ndani ya mita 300 hivi kutoka vijiji vyenye neti, walikingwa karibu kama wenye neti. Mbu aliyekufa kwa jirani hafiki kwako. Kumbe neti yangu ni yako pia.

Sasa rudi nami kliniki. Kama neti ya mama ingelinda boma zima na majirani, kwa nini yeye peke yake ndiye alipe?

Kulikuwa na jibu, na halikuwa la kijinga. Wafadhili na mashirika mengi yaliamini kwamba cha bure hakithaminiwi. Mtu akilipa hata kidogo, atakitunza, na wasiokihitaji hawatakichukua. Walikuwa na mifano: neti zilizoonekana ufuoni mwa Ziwa Victoria zikianikiwa omena. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini mfano si kipimo.

Mwaka 2007 wanauchumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliamua kupima. Walifanya utafiti kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine zilitoa neti bure, nyingine kwa bei tofauti zisizozidi shilingi 40, na bei zenyewe zilipangwa kwa bahati nasibu. Palipokuwa bure, karibu kila mama alichukua. Bei ilipofika 40, kiwango kilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Yaani kwa kila kina mama mia, sitini hivi ambao wangechukua neti ya bure waliondoka mikono mitupu. Kisha watafiti waliwafuata nyumbani kuangalia kama neti zimetundikwa. Waliolipa hawakuzitumia zaidi ya waliopewa. Na je, bei iliwachuja wenye shida zaidi? Hapana. Walionunua hawakuwa na upungufu wa damu kuliko wajawazito wengine. Bei haikuchagua mgonjwa. Ilichagua mwenye 40 isiyo na kazi nyingine.

Nilisoma sentensi hizo nikamwona mama na leso yake.

Serikali ilikuwa tayari imeanza kubadilika. Mwaka 2006 iligawa neti milioni 3.4 hivi bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika wilaya nne zilizofuatiliwa na watafiti, watoto wanaolala chini ya neti zenye dawa walitoka asilimia 7 hivi hadi 67 ndani ya miaka michache. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza neti zitolewe bure au kwa ruzuku kubwa, likitaja Kenya kama mfano. Moja ya neti za 2006 ilifika kwetu. Ndugu yangu alikuwa ameshaonja degedege tayari.

Kazi haijaisha. Mbu nao wana akili yao: pale neti zilipojaa, *gambiae* alipungua, akabaki zaidi *arabiensis*, ambaye anakubali kuuma nje na kunyonya ng'ombe. Na mwaka 2023 KEMRI ilitangaza kwamba *Anopheles stephensi* amepatikana Marsabit. Huyo anapenda miji na huzaliana kwenye matangi ya maji. Kama unasoma haya ukiwa Nairobi ukidhani malaria ni ya watu wa ziwani, mwangalie huyo vizuri.

Mimi sikumaliza takwimu. Karo ilinishinda, na ofisini nilikoenda kuomba muda, mtu fulani aliniambia kwa upole kabisa kwamba elimu ya kusaidiwa-saidiwa huwa watu hawaithamini. Sikumjibu. Ningetaka kumwambia kwamba kauli hiyo ilishapimwa, kwenye neti, na ikaanguka. Elimu si neti, najua. Lakini sijaona kwa nini nisidai ipimwe pia, kabla ya mtu kurudishwa nyumbani kwa sababu yake.

Ndugu yangu amemaliza kidato cha nne. Ana urefu wa kunipita na anakoroma chini ya neti mpya, ya bure. Ile ya 2006 ilichakaa kitambo. Mama aliikata akafunika nayo miche ya sukuma wiki, kuku wasiidonoe. Mtafiti akipita leo na daftari lake, bila kuuliza, ataandika kwamba huyu mama aliitumia vibaya.