Kuzimika kwa injini

Kuzimika kwa injini ni hali ambapo injini ya gari inasimama ghafla bila dereva kukusudia. Hutokea zaidi katika magari ya gia za mkono, yaani yale ambayo dereva mwenyewe hubadilisha gia kwa kutumia klachi. Mara nyingi chanzo chake ni namna klachi inavyotumiwa, lakini inaweza pia kuwa dalili ya ubovu katika mfumo wa mafuta, hewa au umeme. Kwa wanaojifunza udereva ni jambo la kawaida. Hata hivyo gari likizimika kwenye njia panda, mlimani au juu ya reli linaweza kusababisha ajali.

Jinsi inavyotokea

Injini ya petroli au dizeli haiwezi kuanza kusukuma mzigo kutoka kasi sifuri kama ifanyavyo mota ya umeme. Kabla ya kila mwako, pistoni inapaswa kugandamiza hewa ndani ya silinda. Nguvu ya kugandamiza hutoka katika mzunguko ambao injini tayari inao, na mzunguko huo huhifadhiwa hasa na flaiwili, ambayo ni gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa krankshafti.

Gari likiwa limesimama huku injini inawaka, injini huzunguka kwa kawaida kati ya mara 600 na 1,000 kwa dakika. Mzunguko ukishuka chini sana ya hapo, flaiwili hukosa nguvu ya kuipitisha pistoni katika hatua ya kugandamiza. Injini hutetemeka, kisha huzima.

Klachi iko kati ya flaiwili na giaboksi. Pedali yake ikikanyagwa, injini hutenganishwa na magurudumu. Ikiachiwa, huunganishwa nayo. Katikati ya hali hizo mbili klachi huteleza kidogo, na huko kuteleza ndiko kunakoruhusu injini inayozunguka kulisukuma gari ambalo bado limesimama. Klachi ikiachiwa ghafla, injini hulazimika kushuka mara moja hadi kasi ya magurudumu. Ndiyo maana gari huruka mbele kidogo, kisha huzima.

Kila gia ina kasi yake ya chini. Kwa mfano, tuseme giaboksi na difu kwa pamoja hupunguza mzunguko mara 14 katika gia ya kwanza, na gurudumu lina mzingo wa mita 1.9. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, gurudumu huzunguka takriban mara 57, na gari hutembea karibu kilomita 6.5 kwa saa. Katika gia ya nne yenye upunguzaji wa mara 4, mzunguko uleule wa injini unahitaji karibu kilomita 23 kwa saa. Dereva anayepunguza mwendo hadi kilomita 10 kwa saa akiwa bado katika gia ya nne bila kukanyaga klachi huelekea kuizima injini.

Sababu za kawaida

Sababu zinazotokana na uendeshaji ni:
- kuachia klachi haraka wakati wa kuondoka;
- kutotia mafuta ya kutosha, hasa mlimani au gari likiwa na mzigo mzito;
- kuondoka kwa gia ya tatu badala ya ya kwanza kwa makosa;
- kusimama kwa breki bila kukanyaga klachi;
- kuondoka huku breki ya mkono bado imevutwa.

Sababu zinazotokana na ubovu ni pamoja na chujio la mafuta lililoziba, pampu ya mafuta iliyochoka, plagi zilizochakaa, uchafu katika njia ya hewa ya injini, mpira wa hewa uliopasuka, au sensa isiyofanya kazi. Kiyoyozi huongeza mzigo juu ya injini, hivyo injini yenye mzunguko mdogo kupita kiasi inaweza kuzima kinapowashwa. Injini ikizima yenyewe huku klachi imekanyagwa au gari likiwa katika gia huru, kosa kwa kawaida si la dereva, na gari linahitaji kukaguliwa na fundi.

Namna ya kuzuia

Wakati wa kuondoka kwenye barabara tambarare, dereva hukanyaga klachi hadi mwisho, huingiza gia ya kwanza, na hutia mafuta kidogo. Kisha huinua mguu wa kushoto polepole mpaka klachi ianze kushika. Dalili zake ni mlio wa injini kushuka kidogo na sehemu ya mbele ya gari kutikisika. Hapo mguu hutulizwa kwa muda mfupi mpaka gari lianze kutembea, ndipo pedali huachiwa yote.

Mlimani, breki ya mkono hulizuia gari lisirudi nyuma. Dereva hutia mafuta zaidi, hutafuta pale klachi inaposhika, na huteremsha breki ya mkono anapohisi gari linataka kwenda mbele.

Wakati wa kusimama, klachi hukanyagwa kabla tu gari halijasimama. Wakati wa kupunguza mwendo, gia hushushwa kulingana na kasi.

Kuteleza kwa klachi kunafaa kuwa kwa muda mfupi. Dereva anayeogopa kuzima na kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki huipasha moto klachi na kuimaliza mapema.

Hatari na hatua za kuchukua

Injini ikizima, usaidizi wa usukani hupotea katika magari mengi na usukani huwa mzito. Breki bado hufanya kazi, lakini baada ya kukanyagwa mara chache huhitaji nguvu nyingi zaidi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukanyaga breki kwa nguvu na kulizuia gari lisisogee. Kisha klachi hukanyagwa, gia hurudishwa katika gia huru, na injini huwashwa upya. Kuwasha huku gia imeingia na klachi haijakanyagwa kunaweza kulirusha gari mbele. Injini ikikataa kuwaka, taa za tahadhari huwashwa ili kuwaonya walio nyuma.

Gari likizima juu ya reli na lisiwake mara moja, watu wote wanapaswa kushuka na kwenda mbali na reli, wakielekea kimshazari upande ambao treni inatokea. Treni ikiligonga gari, vipande vingi hurushwa kuelekea inakokwenda.

Historia na teknolojia

Mwanzoni mwa karne ya 20 gari lililozima lilimlazimu dereva kushuka na kuizungusha injini kwa mkono kwa kutumia fimbo ya chuma, ambayo ikirudi nyuma iliweza kuvunja mkono. Stata ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering ilianza kufungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912.

Magari mengi ya gia za kujiendesha hayazimiki kwa njia hii, kwa sababu injini huunganishwa na giaboksi kupitia mafuta yanayoweza kuteleza. Magari ya umeme hayazimiki kamwe kwa sababu ya mzunguko mdogo, kwa kuwa mota yake huwa na nguvu hata ikiwa imesimama. Injini za dizeli huwa na nguvu nyingi katika mzunguko mdogo, kwa hiyo kwa kawaida ni vigumu zaidi kuzizima kuliko za petroli zenye ukubwa sawa. Baadhi ya magari mapya ya gia za mkono hushikilia breki yenyewe kwa sekunde chache mlimani, au huwasha injini tena mara dereva anapokanyaga klachi.