Kigari cha Watoto Wawili na Basi la 207

Mzazi wa Southall anayetarajia mtoto wa pili, huku wa kwanza hajatimiza hata miaka miwili, hukutana na swali moja mapema: anunue kigari gani? Chenye viti viwili bega kwa bega, au chenye kiti kimoja nyuma ya kingine? Dukani atasikia habari za rangi, kitambaa na bei. Sisi tunaosoma historia tunaona kwamba swali hili ni la zamani kuliko duka lenyewe. Hoja yetu ni kwamba mama hajawahi kuchagua kigari peke yake. Mlango wa basi umekuwa ukichagua pamoja naye, na kwa miaka mingi ulimchagulia kubaki nyumbani.

Tuanze kule walikotoka wazee wetu. Afrika Mashariki mtoto hubebwa kwa kitambaa, yaani mbeleko. Kanga ilienea pwani mwishoni mwa karne ya 19, na duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake bado tunazijua kwa maneno "Mali ya Abdulla", lilianzishwa Mombasa mwaka 1887. Kanga moja ilivaliwa, ya pili ikamfunga mtoto mgongoni. Akina mama wa Kihindi wengi walimpakata mtoto kiunoni. Vigari vilikuwapo katika Nairobi ya wakoloni, lakini aghalabu aliyekisukuma alikuwa yaya, na aliyelala ndani hakuwa mwanawe. Hata neno yaya limesafiri: lilitoka katika Kireno, likapita India, likatua kwetu.

Je, watoto wakiwa wawili wachanga? Mmoja alikaa mgongoni, na wa pili alishikwa na dada mkubwa, shangazi, bibi au jirani. Kwa maneno mengine, kiti cha pili cha kigari kilikuwa mtu. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyepotea katika safari ya kuja Uingereza.

Safari hiyo ilikuwa na mawimbi kadhaa. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka 1967 sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Wahindi wasio raia. Wengi wakakimbilia London kabla Uingereza nayo haijafunga mlango kwa sheria yake ya Machi 1968. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka, na watu wapatao 28,000 wakaingia Uingereza. Southall, ambako Wapunjabi walikuwa wamekaa tangu miaka ya 1950, ilipokea familia nyingi zilizojua Kiswahili. Hadi leo mikahawa ya hapa huuza "mogo" wa kukaanga, na anayekula huenda hajui kwamba anataja muhogo wa Kiswahili. Lakini baba alifanya zamu kiwandani au uwanja wa ndege wa Heathrow, shangazi naye alifanya zamu yake, na bibi pengine alibaki Kampala, Nairobi au Punjab. Mama alibaki na watoto wawili na mikono miwili.

Akitaka kwenda Ealing au Shepherd's Bush, alipanda basi la 207 katika barabara ya Uxbridge. Njia hiyo ilianza mwaka 1960, iliporithi kazi ya basi la umeme la 607, na ilipewa mabasi mekundu ya ghorofa yaitwayo Routemaster. Hapa historia ina kejeli yake. Routemaster lilikuwa kazi ya AEC, kampuni ambayo kiwanda chake kilikuwa hapahapa Southall tangu miaka ya 1920 hadi kilipofungwa mwaka 1979. Basi lililojulikana duniani kote kama sura ya London lilitoka mtaani kwetu, lakini mama wa mtaani kwetu hakuweza kuingia nalo na kigari. Mlango ulikuwa nyuma, una kidaraja cha kupanda, kisha njia nyembamba katikati ya viti. Kigari kilichokunjwa kiliwekwa chini ya ngazi, kama nafasi ipo. Vile vigari vikubwa vya Kiingereza, mfano wa Silver Cross ya mwaka 1877, ambavyo mtoto wa pili angeweza kukalishwa upande wa miguu, vilikuwa vya kutembea navyo kwa miguu tu.

Aliyebadilisha mambo hakuwa mtu wa vigari. Owen Maclaren alikuwa mhandisi wa ndege, aliyeshughulikia magurudumu ya kutulia ya ndege ya vita ya Spitfire. Mwaka 1965 aliomba hataza ya kigari cha mabomba ya alumini kinachokunjwa kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo tatu, na kikaanza kuuzwa mwaka 1967. Mama sasa aliweza kukikunja kwa mkono mmoja. Ila kilikuwa na kiti kimoja. Mwenye watoto wawili alimfunga mmoja mgongoni au kumpakata kiunoni, akakunja kigari, na kumwomba kondakta amshike wa pili. Mbeleko, ambayo wengine waliona haya kuivaa barabarani London, ndiyo iliyokuwa kiti cha pili.

Mlango wenyewe ulifunguliwa na watu wengine: walemavu, ambao kwa miaka mingi walidai haki ya kupanda mabasi. Katika miaka ya 1990 London ilijaribu mabasi ya sakafu ya chini, yasiyo na ngazi mlangoni, na njia ya 120 inayopita Southall ilikuwa miongoni mwa zilizojaribiwa. Kanuni za mwaka 2000 zikaagiza nafasi ya kiti cha magurudumu yenye urefu wa milimita 1,300 na upana wa 750. Nafasi haikuwekwa kwa ajili ya vigari, lakini vigari viliingia bila kukunjwa. Mwaka 2005 njia ya 207 ilipewa mabasi marefu yenye maungio, kama yale ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yenye milango mitatu mipana. Wenye magari yao waliyalaani mabasi hayo, ila kwa mwenye kigari cha watoto wawili yalikuwa neema. Yaliondolewa Desemba 2011, na 207 ndiyo njia ya mwisho London kuyatumia. Mabasi ya ghorofa yakarudi, na nafasi ikapungua.

Upungufu huo si jambo dogo. Mwaka 2015 wodi ya wazazi ya hospitali ya Ealing, iliyo kwenye njia hiyohiyo ya 207, ilifungwa. Tangu hapo mama wa Southall huenda mbali zaidi kujifungua, na mtoto wake mkubwa yumo safarini.

Nafasi ndogo huzaa ugomvi. Mwaka 2012 Doug Paulley, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, alishindwa kusafiri kutoka Wetherby kwenda Leeds kwa sababu mama mwenye kigari hakutaka kuhama, alisema hakikunjiki. Mahakama ya Juu iliamua Januari 2017 kwamba haitoshi dereva kuomba mara moja na kunyamaza. Lazima afikirie kusisitiza zaidi, hata kusimamisha basi kwa muda. Tunaona uamuzi huo ni wa haki: nafasi ile ilidaiwa na walemavu, sisi ni wageni ndani yake. Lakini unamaanisha pia kwamba mama mwenye wawili lazima awe tayari kukunja au kushuka.

Sasa turudi kwa mnunuzi wetu. Kigari cha bega kwa bega humfaa anayetembea sana: watoto wote wanaona mbele, na ni rahisi kukigeuza. Lakini aghalabu upana wake unakaribia sentimita 75 au kuzidi, na mlango wa kawaida wa ndani katika nyumba za Kiingereza una milimita 762 tu, kabla ya kutoa unene wa fremu. Cha mmoja nyuma ya mwingine ni chembamba na hupita Broadway Jumamosi bila kugonga meza za mboga, ingawa ni kizito kukipandisha ukingo wa njia. Anayetegemea treni ana nafuu: kituo cha Southall kimewekewa lifti kwa ajili ya reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022. Anayetegemea 207, ushauri wetu ni huu: pima mlango wako kwanza, chukua kinachokunjika upesi, na jaribu kukikunja ukiwa umembeba mtoto, si mikono mitupu kama muuzaji.

Na mbeleko usiitupe. Kigari chepesi cha mtoto mmoja pamoja na kanga moja imara bado ni kigari cha watoto wawili kinachopita kila mlango London. Na ukimwona mama kituoni na wawili, mshikie mmoja. Kiti cha pili, tangu zamani, kilikuwa mtu.